Mbuzi Ambaye Sixbert Hakumpeleka

Siku waliyomfungua mama yangu bandeji, Daktari Melkizedeki alisimama mbele yake, mikono nyuma, anatabasamu, anasubiri kushukuriwa. Mama akatazama ukuta, akatazama mlango, akarudi kwenye ukuta. Kisha akaniuliza mimi, si daktari, "Scola, hii nyumba wameijenga upande?"

Nikacheka. Mama yangu Agripina ni mtu wa utani, hutania hata matangani, nikajua ameanza. Lakini usoni hakuwa na utani wowote. Ule ukungu wa mtoto wa jicho ulikuwa umeondoka kweli, na rangi alikuwa anaziona, hata akaniambia blauzi yangu imepauka. Ila kila kilichosimama wima yeye alikiona kimeinama, na kila mstari ulikuwa na mwenzake pembeni. Daktari akasema ni uzee tu, atazoea. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na mpaka leo nikilikumbuka lile neno "atazoea" natamani kurusha kitu.

Azoee nini? Jicho lenyewe alikuwa nalo moja. La kushoto lilikufa kwa vikope kabla mimi sijazaliwa. Kwa hilo la kulia alinilea peke yake, maana baba yangu Gaspari alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu kule Sekenke, miaka ile watu waliporuhusiwa kuchimba na kila mwenye sururu akajiona tajiri wa kesho. Mama hakuolewa tena. Alibaki hapo hapo Sekenke, akalima uwele na mtama, akafuga kuku, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa jasho lake, na akawa anamjua mtu kwa mwendo tangu akiwa ng'ambo ya bonde. Majirani walikuwa wanamwita wamuulize kama ng'ombe wanaoshuka mlimani ni wa kwao.

Halafu jicho likaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alificha. Nilikwenda kumsalimia nikamkuta anamimina uji nje ya bakuli, na nilipomwambia akasema bakuli limesogea. Nikamwambia, mama, bakuli halina miguu. Akanifukuza jikoni.

Aliyefurahia ugonjwa ule ni baba mdogo Alute, mdogo wake marehemu baba. Zamani hakuna aliyelitamani shamba la mama, lilikuwa la mawe na miiba. Lakini biashara ilipofunguliwa, mashine za kukamua alizeti zikaota kando ya barabara kutoka Singida mjini mpaka Misigiri, na kila mwenye ekari kumi akajikuta ana ndugu wengi kuliko alivyojua. Alute akaja na vijana wake wawili, akakaa kwenye kiti alichokinunua mama, akasema kwa sauti ya huruma, "Shemeji, kipofu hakai peke yake. Mvua zikianza vijana watalima. Wewe utahamia kwangu, utapewa chumba."

"Chumba ninacho," mama akamjibu. "Ninavyo vitatu."

Alute akaondoka anacheka. Alijua mvua zinakuja, na alijua mama haoni. Kwa hiyo habari yote ilikuwa hiyo: kabla ya mvua jicho lione, au nyumba na shamba viende. Mama yangu kuwekwa kwenye chumba cha nyuma cha Alute kama gunia la mashudu! Nilisema hapana, nikamleta kwangu Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, mwaka 2007, mwezi wa kumi na moja, vumbi bado limejaa kila mahali.

Sasa nimlete mume wangu, Sixbert. Ni mpimaji wa macho kwenye kliniki ya mtu binafsi mjini, moja ya zile zilizofunguliwa baada ya serikali kuruhusu. Kazi yake anaipenda na anaijua. Tatizo ni kwamba anapenda zaidi kuieleza. Jioni ya siku daktari alipomchungulia mama kwa mara ya kwanza, Sixbert aliweka tonge chini akatueleza habari za jicho la mama, mimi nikiwa mezani, mama akiwa jiko la nje anasikiliza kupitia dirishani.

"Kioo cha mbele cha jicho lake hakiko duara," akasema. "Kimebonyea, kama mpira uliokaliwa. Tukitoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi ya kawaida, ukungu utatoka lakini vitu vitabaki vimepinda, na atahitaji miwani mizito maisha yake yote. Daktari amekuja na lenzi chache kutoka nje, zinaitwa toriki. Zenyewe zimetengenezwa kunyoosha ule upindaji. Zina vidoti pembeni. Tunapima jicho limepinda kwenye mstari upi, halafu vidoti vinalazwa kwenye mstari huo huo. Ukikosea kidogo, faida inapungua. Ukikosea kama mshale wa saa unavyotoka namba moja kwenda inayofuata, ni sawa na kutokuweka kitu."

"Na nani atapima?" nikamuuliza.

"Mimi. Kuna mwingine?"

Nikamkazia macho, naye akajua ninachouliza. Kwetu Iramba mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Wanasalimiana ukuta ukiwa katikati, na wakikutana njiani mmoja anapisha kichakani. Si chuki, ni heshima, na ina mwisho wake. Mwanamume akishaoa na kutulia, anampeleka mbuzi nyumbani kwa mama mkwe, kule kule kwake, si kwingine. Mbuzi anachinjwa, mkwe anampa mama supu kwa mikono yake, na kuanzia hapo wanatazamana na kuongea kama watu. Mama haruhusiwi kumdai mbuzi huyo. Ni lazima mkwe mwenyewe ajisikie.

Sixbert hakujisikia. Tangu tumeoana, mtoto wetu Eliana amezaliwa, ameanza shule, anasoma darasa la tano, mbuzi hajapelekwa. Kila nikimkumbusha ananiambia, "Mambo ya wazee hayo, Scola. Padri ametufungisha, inatosha." Na mama yangu miaka yote hiyo, akija kwetu, anapita mlango wa nyuma, anakula jiko la nje, na Sixbert akipita anageuza uso kando na kuvuta kanga. Mtu aliyenizaa anakaa kwangu kama mwizi. Nilimeza, nikameza tena.

"Kazini hakuna mkwe," Sixbert akaniambia jioni ile, anachukua tonge lake. "Kazini kuna mgonjwa."

Nikatoka nje kumuuliza mama. Akasema, "Mwambie baba Eliana nitakaa watakapotaka nikae." Nikaridhika. Wote wawili walikuwa watu wazima.

Basi akapimwa, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi nje kwa sababu kliniki ina masharti. Siku ya upasuaji muuguzi Klara akamkalisha, akamwekea alama ya wino kwenye jicho, maana mtu akilala chali jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake, na bila alama daktari hawezi kujua wima ni wapi. Daktari akapasua, akaweka lenzi, akalaza vidoti pale vipimo vilipomwelekeza. Kila mtu akafanya kazi yake. Na mama yangu akafunguliwa bandeji akakuta dunia imejengwa upande.

Wiki nzima nilizunguka na swali moja, ni wapi palipokosewa. Sixbert alikuwa anakuja nyumbani kimya, hataki kuongelea jicho tena, yeye aliyekuwa anatuhutubia mpaka ugali unapoa. Nikimuuliza anasema macho hupona taratibu.

Jumamosi mchana nilikuwa naanua nguo. Mama amekaa kwenye kigoda jikoni, anachambua mchele kwa vidole kwa sababu jicho linamdanganya, shingo imenyooka kabisa. Pikipiki ya Sixbert ikaingia uani, naye akasalimia bila kugeuka, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba. Na huku anaitikia, kichwa chake kikalala upande wa kulia, kidevu kikaingia begani, kanga ikapanda. Hakufikiri. Shingo yenyewe ilijua.

Nikaangusha shuka vumbini. Nilimfuata Sixbert chumbani, nikafunga mlango.

"Siku unampima mama alikaa vipi?"

"Alikaa kwenye kiti."

"Kichwa, Sixbert! Kichwa alikiweka vipi?"

Akavua saa, akaiweka mezani, akaichukua, akaivaa tena. Nikamwambia, "Kipimo chenu ni cha kushika mkononi, hakina pa kuegemeza kidevu. Wewe mwenyewe umenieleza mara mia kwamba mgonjwa akiinama unamshika kichwa unamnyoosha. Mama ulimshika?"

"Scola, nitamshikaje mama mkwe kichwa?"

"Kwa hiyo ulimwona ameinama."

"Nilimwambia, mama, tazama mbele. Alitazama kidogo akarudi pembeni. Na mimi..." Akaifungua saa tena. "Na mimi nilikuwa sitaki kumtazama sana."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa moto. Kumbe kazini mkwe yupo! Mbele yangu mbuzi ni mambo ya wazee, lakini mbele ya mama mkono haukunyanyuka. Kama anaamini mila, angempeleka mbuzi. Kama haamini, angemshika mwanamke wa watu kichwa. Yeye akachagua kutofanya lolote, akampima jicho mtu aliyelala upande, kisha Klara, mwanamke mwenzake ambaye mama hana sababu ya kumkwepa, akamwekea alama akiwa amekaa wima kama mlingoti. Kipimo cha kichwa kilichoinama, alama ya kichwa kilichonyooka. Lenzi ingekaaje sawa?

"Usimwambie daktari," Sixbert akasema. "Nitafukuzwa."

"Na mama yangu akifukuzwa shambani kwake na Alute? Huulizi?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Daktari Melkizedeki kabla hajavua koti. Nikamweleza yote. Si mtu wa kwetu, na alipofika pale pa wakwe kutotazamana akacheka kwa sauti. "Karne hii? Bado mnakimbiana vichakani?"

Nikamwambia, "Daktari, cheka ukimaliza kazi. Ulimwambia mama atazoea. Hukumuuliza anaona nini, hukurudia kipimo, ulitaka asante. Mtu ana jicho moja duniani na wewe hukusimama hata dakika kumtazama anavyokaa."

Kicheko kikamkauka. Hakuniomba radhi, hao hawaombi, lakini alimwita mama, akamwekea dawa ya kutanua mboni, akachungulia kwa taa muda mrefu. Lenzi ilikuwa pale pale alipoiweka, haikusogea. Akakunja uso. Akasema inaweza kuzungushwa, ila upesi, kabla ule mfuko mwembamba wa ndani ya jicho ulioishika haujagandamana nayo. Tukichelewa haitazunguka bila kuhatarisha jicho, na jicho lenyewe ni la pekee. "Nitampima mimi mwenyewe leo hii," akasema.

Nikashusha pumzi. Mama akasema, "Hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, amekaa wima, mikono mapajani. "Hapana, daktari. Atanipima aliyenipima."

"Mama!" nikapiga kelele. "Hujasikia? Jicho linaganda!"

"Jicho ni langu. Nimesikia." Akanigeukia. "Wewe ukinipimisha kwa huyu daktari leo, yule mwanamume atabaki hajawahi kunitazama, na mimi nitarudi kuinamisha shingo. Nimeinamisha tangu amekuoa. Nimechoka kuvunja shingo yangu kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili na njia ya kwenda mnadani. Aje kwangu na mbuzi, kisha anishike hiki kichwa mwenyewe. Bila hivyo nitaiona dunia upande mpaka nife."

Ni mara ya kwanza mama kumdai mbuzi. Alivunja mila ili mila itimizwe, na mimi sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nilimkasirikia yeye. Njia nzima nilimgombeza, kwamba atampa Alute shamba kwa sababu ya supu.

Sixbert nilipomwambia akashika kichwa. Akasema yuko kazini wiki nzima. Akasema watu watamcheka, mtu mzima anaburuta mbuzi. Akasema si angepimwa tu na daktari, mama anafanya ukaidi. Nilimsikiliza mpaka akamaliza sababu zake. Kisha nikatoa mabegi mawili nikaanza kukunja nguo zangu na za Eliana mbele yake, taratibu, moja moja.

"Unakwenda wapi?"

"Sekenke. Mama akiwa kipofu anahitaji mtu wa kumlimia. Wewe baki hapa na Padri aliyetufungisha."

Kesho yake akaomba ruhusa kazini. Akanunua beberu mweupe mwenye doa jeusi, akampakia kwenye gari la mzigo, akateremka naye mpaka kwa mama na shati lake la ofisini limejaa manyoya. Mimi na mama tulikuwa tumetangulia. Tukamkuta Alute uani, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima na alikuja kuangalia wapi ng'ombe wa kulimia watafungwa. Kwa mila yeye, kama mdogo wa baba, ndiye wa kumpokea mbuzi. Akampokea. Nilifurahi kuona sura yake wakati anashika ile kamba.

Supu ilipoiva Sixbert akapiga magoti, bakuli mikononi, macho chini. Supu inamwagikia vidole, hathubutu kusema inaunguza. Mama akanyoosha shingo. Akatupa kanga nyuma ya bega. Akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza, muda mrefu, mbele ya Alute na mbele ya vijana wake.

"Nakuona una pua mbili," akasema. "Moja ni kosa lako. Nenda kaiondoe."

Alute akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Kliniki tulirudi siku iliyofuata. Safari hii nilikataa benchi, nikaingia, na hakuna aliyenizuia. Sixbert akasimama mbele ya mama, akafuta viganja kwenye suruali, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili na kukinyoosha. Akapima. Akamshika tena, akapima tena, na daktari akapima baada yake, na wote wakapata mstari mmoja. Daktari akamtazama Sixbert, akasema tu, "Tutaongea." Lenzi ikazungushwa jioni hiyo. Daktari alitoka chumba cha upasuaji amelowa jasho, akasema ilikuwa imeanza kushika, na kama tungengoja wiki nyingine asingeigusa.

Asubuhi bandeji ikafunguliwa. Safari hii Daktari Melkizedeki hakutabasamu na hakuweka mikono nyuma. Aliinama akauliza, "Mama, unaona nini?" Mimi nilikuwa nimeshika kona ya kitanda kwa nguvu hata vidole vinaniuma, na bado nilikuwa na hasira, nikijiambia kwamba akisema ukuta umepinda nitawaka mpaka wilaya nzima isikie.

Mama akatazama mlango. Akatazama dirisha na nondo zake, akazihesabu kwa kidole, ya kwanza mpaka ya mwisho, kila moja peke yake. Daktari akaelekeza kwenye ubao wa alama, naye akaonyesha kwa mkono kila alama imeelekea wapi, mpaka mstari wa tatu kutoka chini. Kisha akaniambia nifunge mizigo. "Mvua ni wiki ijayo. Ninakwenda kulima. Alute nitamwambia mwenyewe."

Nilikaa chini nikalia. Sixbert aliyekuwa amejificha nyuma ya Klara akajitokeza, amejawa na furaha ya kusamehewa, akasema, "Mama, tunamshukuru Mungu, mambo yamekwisha."

Mama akageuka akamtazama, wima kabisa.

"Yamekwisha?" akasema. "Vuta kiti hicho, baba. Miaka yote nimekuwa nikiongea na ukuta. Sasa nakuona."

Sixbert akavuta kiti. Mama akaanza na siku ya harusi, na daktari akatoka polepole, na Klara akamfuata.